Somo: Kupima masalia ya dawa katika mboga za Lubumbashi, kuanzia shambani hadi maabara

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wanaolima mboga pembezoni mwa Lubumbashi, kando ya mito ya Kafubu na Naviundu, na kwa akina mama wanaozinunua kwa jumla na kuzipeleka katika masoko ya tarafa za mji wetu: Kenya (siyo nchi ya Kenya), Katuba na Ruashi. Linaeleza namna ya kutambua kama lenga-lenga (mchicha), shu ya Kichina (kabichi ya Kichina), nyanya au matembele zimebaki na dawa ya wadudu baada ya kuvunwa. Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba kadi ya kupimia, yaani karatasi ndogo inayobadilika rangi, inajibu swali moja tu, ilhali daftari la mkulima linajibu maswali mengi ambayo kadi haiwezi kuyafikia. Mtu anayepima bila daftari huona rangi kwenye karatasi, lakini hajui rangi hiyo inasema nini juu ya shamba lake.

Hatua ya kwanza: fahamu kilichonyunyizwa

Kabla ya kununua kifaa chochote, andika kwa kila tuta jina la dawa, kiini chake, kiasi kilichotiwa katika pompi ya mgongoni na tarehe ya kunyunyiza. Kiini cha dawa ndicho ambacho lebo za Kifaransa hukiita *matière active*, nacho ni muhimu kuliko jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu majina kumi ya biashara yanaweza kuwa na kiini kimoja. Dawa nyingi hutufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwa na lebo za Kiingereza. Mtafute mtu wa kukusomea kabla hujafungua chupa. Dawa iliyomiminwa katika kichupa kisicho na lebo isinunuliwe kabisa, kwa kuwa hata maabara hutafuta kwa urahisi zaidi kitu ambacho jina lake linajulikana.

Tunahitaji kutofautisha makundi machache. Klorpirifosi, dimethoati, malathioni na profenofosi ni za kundi la organofosfati. Karbarili, methomili na karbofurani ni za kundi la karbamati. Makundi haya mawili huua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho sisi wanadamu pia tunacho. Sipermethrini na lambda-sihalothrini ni piretroidi, imidaklopridi ni neonikotinoidi, na mankozebu ni dawa ya ukungu. Hizi hazifanyi kazi kwa njia hiyo. Tofauti hii ndiyo itakayoamua kama kadi itakufaa.

Andika pia siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, ambazo kwenye lebo za Kifaransa huandikwa *délai avant récolte* au kwa kifupi DAR. Hapa ndipo wakulima wa mboga za majani wana shida ya kweli: lenga-lenga hukomaa baada ya wiki chache tu na hukatwa tena na tena, hivyo dawa yenye siku 14 za kungoja haiwezi kutumika kwenye tuta linalokatwa kila wiki bila mlaji kupewa dawa pamoja na mboga. Kwa maoni yangu, dawa za namna hiyo zisiingie kabisa katika matuta ya lenga-lenga.

Hatua ya pili: chukua sampuli inayowakilisha shamba

Matokeo mengi mabaya huanzia hapa. Jani moja lililookotwa pembeni halisemi chochote juu ya tuta zima, kwa kuwa pompi haimwagi dawa sawasawa. Pita katika tuta kwa mwendo wa kukatiza huku na huku, uchukue kidogo kidogo kutoka sehemu kumi au zaidi, bila kuchagua majani mazuri wala mabaya. Ondoa yaliyooza tu. Mwongozo wa Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 1963, unataka walau kilo 1 kwa mboga ndogondogo, kilo 1 yenye nyanya zisizopungua 10, na kwa shu kubwa vichwa 5 vyenye uzito usiopungua kilo 2.

Sampuli isioshwe wala kumenywa. Aliyetoka kushika pompi asiichukue kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni, na mfuko uwe mpya, kamwe usiwe ule uliobeba mbolea au dawa. Andika juu yake shamba, tuta, tarehe na saa, uuweke kivulini, kisha upime siku hiyo hiyo.

Kwa wanunuzi wa jumla naongeza onyo: msichanganye mboga za mashamba mbalimbali ili kuokoa kadi. Ikiwa shamba moja kati ya matano lina miligramu 1 ya dawa kwa kilo na mengine hayana kitu, mchanganyiko utakuwa na 0.2 tu, kadi itanyamaza, na mboga yenye dawa itaingia sokoni.

Hatua ya tatu: tumia kadi

Kadi za kawaida zina vidonge viwili vya karatasi: cheupe chenye kimeng'enya na chekundu chenye kitu ambacho kimeng'enya hukigeuza kuwa buluu. Dawa ikiwepo, kimeng'enya huzuiwa na buluu haitokei. Maelezo ya pakiti yako ndiyo yafuatwe, lakini utaratibu uliozoeleka ni huu. Kata majani katika vipande vya sentimita 1 hivi, pima gramu 5, weka katika chupa safi na mililita 10 za maji ya kipimo yaliyokuja na pakiti, tikisa mara 50, kisha acha yatulie kwa dakika 2. Dondosha matone 2 au 3 kwenye kidonge cheupe na ungoje dakika 10. Halafu kunja kadi ili vidonge vigusane, uibane kwa vidole kwa dakika 3, uifungue na kusoma.

Kila unapopima, kadi moja lazima ipewe maji ya kipimo peke yake, bila mboga. Wengi huiacha hatua hii kwa kuona kuwa ni kupoteza kadi, na mimi naiona kuwa ndiyo nguzo ya kipimo chote. Kimeng'enya ni kitu dhaifu: joto la gari lililoegeshwa juani, unyevu, au friji iliyokaa muda mrefu bila umeme vinaweza kukiua. Kadi iliyokufa hubaki nyeupe hata kwa maji matupu, na anayeisoma bila kadi ya kulinganisha atamtuhumu mkulima asiye na kosa lolote, amharibie jina sokoni. Ikiwa kadi ya maji matupu haikugeuka buluu, tupa matokeo yote ya siku hiyo na upate pakiti nyingine.

Baridi nayo hubadilisha matokeo. Kipimo kimepangwa kwa joto la nyuzi 37, joto la mwili wa mtu, lakini asubuhi za Juni na Julai mjini kwetu ziko mbali sana na joto hilo, na kimeng'enya hufanya kazi polepole. Funga kadi katika mfuko mdogo wa plastiki na uishike mkononi au kwapani, na ungoje hadi kadi ya maji matupu ikolee buluu kabla ya kusoma zile nyingine.

Hatua ya nne: soma rangi kwa uangalifu

Linganisha kila kadi na ile ya maji matupu. Buluu iliyo sawa nayo maana yake ni kwamba dawa za makundi yale mawili hazikuonekana. Buluu iliyofifia ni dalili ya kuwepo kwa dawa. Nyeupe ni dalili kali. Kadi yoyote isiyo na buluu kamili irudiwe kwa sehemu nyingine ya sampuli ile ile. Ikijirudia, mavuno yasimamishwe na daftari lifunguliwe.

Buluu pia isikupe imani kupita kiasi. Kadi za aina hii huanza kuona diklorvosi, organofosfati nyingine, inapofika miligramu 0.3 hivi kwa kilo, na malathioni karibu miligramu 2, ilhali Umoja wa Ulaya hutumia kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo pale ambapo hakuna kikomo maalumu kilichowekwa. Neno sahihi la kuandika daftarini ni "haikuonekana kwa kadi". Usiandike "haina dawa".

Hatua ya tano: maabara

Maabara hupata kile ambacho kadi haioni. Njia inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2003 na inayojulikana kwa jina la QuEChERS, husaga sampuli, huchukua gramu 10, huitikisa pamoja na mililita 10 za asetonitrili (kiyeyusho kinachotoa dawa katika mboga) na chumvi, kisha kimiminika kilichosafishwa huingizwa katika mashine zinazotenganisha na kutambua dawa nyingi kwa mara moja. Waulizeni kwanza Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, yaani OCC, na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni vipimo gani wanavyovipokea. Maabara yoyote mtakayoiendea, ombeni orodha ya dawa inazozitafuta, kiwango cha chini inachoweza kupima kwa kila moja, na kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho hasa. Kupeleka mboga nje ya nchi kunahitaji vibali, na sampuli inayosafiri lazima igandishwe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Katuba: Mwalimu, vitunguu vyangu sijavinyunyizia chochote, lakini kadi imebaki nyeupe na ile ya maji ilikuwa buluu. Je, nimepigiwa dawa na jirani?*

Usimlaumu jirani bado, Papa. Vitunguu, vitunguu saumu, pilipili na karoti vina maji yao wenyewe yanayodhoofisha kimeng'enya au kufifisha rangi ya buluu. Rudia bila kukata: tumbukiza kitunguu kizima katika maji ya kipimo na utumie maji hayo. Ikibaki nyeupe, ni maabara pekee inayoweza kuamua.

*Mama muuzaji wa soko la Kenya: Nyanya zina unga wa manjano-meupe, lakini kadi inaonyesha buluu nzuri. Niamini kipi?*

Amini macho yako, Mama. Huenda unga huo ni mankozebu, na kadi haiioni kabisa. Hata maabara haiipati kwa njia ya kawaida niliyoieleza; lazima uombe kipimo cha dithiokarbamati, ambacho hupima gesi ya salfa na kaboni inayotoka dawa inapovunjwa. Mankozebu ikipashwa moto hutoa kitu kingine kiitwacho ethilenithiourea, ambacho ni hatari zaidi kwa tezi ya shingo, kwa hiyo nyanya hizo zioshwe vizuri kabla ya kuingia katika sufuria. Mwulize pia mkulima alinyunyiza lini.

*Mwanachama wa Ruashi: Lenga-lenga ilitoa kadi nyeupe. Tuliiosha, tukapima tena, ikawa buluu. Tunaweza kuiuza?*

Nisingeiuza. Kuosha huondoa sehemu ya dawa iliyo juu ya jani, lakini dimethoati na imidaklopridi huingia ndani ya mmea, na maji hayazifuati huko. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2017 kwa matunda ya tufaha ulionyesha kuwa kuyaloweka kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye gramu 10 za magadi ya kuokea kwa lita kuliondoa dawa ya juu vizuri kuliko maji matupu, lakini ile iliyokwisha kupenya ganda haikutoka yote. Acheni tuta lipite siku zote za kungoja, kisha mpime tena mboga isiyooshwa.

*Mwanachama wa Kipushi: Shamba letu liko karibu na mgodi. Je, kadi inaweza kutuonyesha vumbi la shaba na kobalti?*

Hapana, na nashukuru kwa swali hili, kwa kuwa katika mji wetu ni zito sawa na lile la dawa. Shaba, kobalti, kadmiamu na risasi havizuii kimeng'enya kwa namna ambayo kadi imetengenezwa kuisoma. Vinahitaji maabara ya madini, pamoja na sampuli ya udongo na ya maji ya kumwagilia. Vumbi lililo juu ya jani huoshwa, lakini metali iliyofyonzwa na mizizi hubaki. Mboga ya karibu na mgodi inaweza kuwa na kadi ya buluu na bado isifae kuliwa kila siku pamoja na bukari (ugali).

*Mwanachama wa Annexe: Kadi ni ghali na sisi ni wakulima wadogo. Tuzitumie wakati gani?*

Zitumieni siku moja kabla ya kuvuna, kwenye tuta lililonyunyizwa mwisho, pale siku za kungoja zilizoandikwa daftarini zinapokwisha. Kikundi kinunue pakiti moja, mtu mmoja afundishwe kupima, na vipimo vya wakulima kadhaa vifanyike saa moja ili kadi moja ya maji matupu itoshe kwa wote. Tuta ambalo halikunyunyizwa organofosfati wala karbamati, na lisilopakana na tuta lililonyunyizwa, msilipotezee kadi.

*Mama mnunuzi wa jumla: Karatasi ya maabara imeandikwa klorpirifosi "< LQ". Ina maana hakuna?*

Ina maana kwamba kama ipo, iko chini ya kiasi ambacho mashine inaweza kukipima kwa uhakika, nacho huandikwa pembeni katika safu ya LQ. Tazama tarakimu hiyo kwanza. LQ ya miligramu 0.01 kwa kilo ni habari njema. LQ ya 0.5 inakwambia kidogo sana, na una haki ya kuirudisha karatasi na kuuliza kama wanaweza kupima chini zaidi.