Saketi za kusomea vihisi vya mwanga vya KM3NeT
KM3NeT ni darubini ya chini ya bahari inayonasa neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji. Tufe lake la kioo, lililo karibu mita 3,500 chini ya bahari karibu na Sicily, hubeba vihisi 31 vya mwanga. Likishazamishwa halifunguliwi, kwa hiyo jaribu kila kipuri nchi kavu.

Zalisha volteji ya juu, takriban volti 1,000, kwenye kitako cha kila kihisi. Nyaya ndefu za volteji hiyo huongeza kelele za umeme na hatari ya cheche. Weka kizingiti kwenye 0.3 ya mpigo wa umeme unaotokana na fotoni (chembe ya mwanga) moja, kisha pima muda ambao mpigo unakaa juu yake, kwa usahihi wa nanosekunde 1.

Potasiamu-40 (aina ya potasiamu yenye mionzi) ya maji ya chumvi pekee huleta mipigo kama 7,000 kwa sekunde katika kila kihisi. Viumbe vinavyong'aa huizidisha mno, kwa hiyo wekea kila kihisi kikomo chake cha mipigo, la sivyo kimoja kitaziba njia ya data.