SOMO: Ukinunua nyumba England au Wales, hakikisha hujanunua na deni la kukarabati kanisa

Kuna wajibu wa kisheria uitwao *chancel repair liability*. Unamfanya mwenye ardhi fulani alipie matengenezo ya sehemu ya madhabahu ya kanisa la zamani la parokia, yaani ule upande wa mashariki wanapokaa kasisi na kwaya. Ukumbi wa waumini na mnara ni mzigo wa parokia yenyewe. Dini yako haiangaliwi. Umbali hauangaliwi pia: nyumba inaweza kuwa maili mbili kutoka kanisani na bado ikabanwa. Uskochi na Ireland ya Kaskazini wajibu huu haupo. Kwa Waswahili wanaonunua nyumba kule, hili ni jambo la kulimaliza kabla ya kubadilishana mikataba, yaani kabla ununuzi haujakufunga kisheria.

Asili yake ni zaka. Enzi za kati, aliyekula zaka kubwa ya parokia ndiye aliyetunza upande wa madhabahu. Zaka nyingi zilikuwa mikononi mwa nyumba za watawa. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba hizo miaka ya 1536 hadi 1540, mali zake ziliangukia kwa matajiri na vyuo, na wajibu ukaenda nazo. Baadaye mashamba ya wazi yalipogawanywa, wenye haki ya zaka walipewa vipande vya ardhi badala yake, na wajibu ukaganda kwenye ardhi hiyo. Leo vipande hivyo vina mitaa mizima ya nyumba mpya.

Msidhani ni historia tupu. Wenye shamba la Glebe Farm, Aston Cantlow, Warwickshire, walidaiwa pauni 95,000 hivi katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 walishindwa mbele ya House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 2007 mahakama ikaweka deni kwenye takriban pauni 187,000, mbali na gharama za kesi.

Hatua ya 1: Chukua nakala rasmi ya daftari la ardhi

Iagize kwenye tovuti ya serikali ya HM Land Registry. Ni pauni 7. Tovuti za watu wa kati huuza nakala ileile kwa bei ya juu zaidi. Nakala ina sehemu A, B na C. Soma C kwanza, utafute neno *chancel*. Kisha soma B, uandike tarehe aliyosajiliwa mmiliki wa sasa na kama kuna bei iliyotajwa.

Hatua ya 2: Pima tarehe

Hapa ndipo kwenye kiini. Hadi tarehe 12 Oktoba 2013, wajibu huu ulimbana mnunuzi hata kama haukuandikwa popote. Kuanzia tarehe 13 Oktoba 2013, anayenunua kwa malipo halisi ardhi iliyosajiliwa, bila notisi kwenye daftari (maandishi kwamba ardhi ina wajibu huu) wala maombi ya kuiweka yanayosubiri, anatakiwa kuipata ikiwa safi.

Wengi hukosea mambo mawili. La kwanza, wanadhani kanisa lilipoteza haki yote siku ile. Sivyo. Kama nyumba haijauzwa tangu hapo, kanisa linaweza kusajili notisi hata leo. La pili, wanadhani kila uhamisho unasafisha. Zawadi na urithi havisafishi. Kinachosafisha ni mauzo ya kulipiwa.

Hata kwa aliyenunua baada ya 2013, wanasheria wamekuwa na shaka kama wajibu huu ni wa aina inayofutwa kwa kutosajiliwa. Tume ya Sheria ya England na Wales imelichukua suala hilo ili liwekwe wazi. Kwa sababu ya shaka hiyo, mawakili wengi bado wanaagiza upekuzi, na kwa maoni yangu wako sahihi.

Hatua ya 3: Agiza upekuzi

Upekuzi wa kawaida, unaoagizwa na wakili kwa makumi machache ya pauni, unalinganisha eneo la nyumba na mipaka ya parokia zenye kumbukumbu za wajibu huu. Majibu yatasema tu kama hatari ipo au haipo. "Ipo" maana yake parokia inahusika. Kiwanja chako chenyewe hakijathibitishwa.

Uthibitisho uko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya The National Archives, fungu la IR 104, lenye kumbukumbu zilizoandaliwa kufuatia sheria ya zaka ya 1936. Utahitaji namba ya kiwanja kutoka ramani za zaka (IR 30) na orodha zake (IR 29). Tumia jina la parokia ya kale, maana mipaka imebadilika na parokia ya leo inaweza kukupoteza. Fahamu pia kwamba IR 104 haina kila kitu: ardhi iliyotolewa badala ya zaka wakati wa kugawa mashamba hutafutwa kwenye hati za mgawo huo.

Jina la mtaa halikupi jibu. "Glebe Road" (glebe ni ardhi ya kanisa) inaweza kuwa safi, na mtaa wenye jina lisilohusiana na kanisa ukawa umebanwa.

Hatua ya 4: Bima kwanza, maswali baadaye

Upekuzi ukisema hatari ipo, nunua bima ya mara moja kabla ya kuzungumza na mtu yeyote wa kanisa. Ukimwandikia kasisi au baraza la parokia kuuliza, kampuni nyingi za bima zitakataa, kwa sababu umewaamsha wenye haki. Kumwandikia msajili wa ardhi kuuliza kunaweza kuleta matatizo yaleyale. Haraka ya kutaka uhakika ndiyo inayowaponza watu hapa.

Kagua haya kwenye hati ya bima: kiwango kisiwe chini ya thamani ya nyumba, kinga imfuate mnunuzi na mrithi atakayekuja baada yako, benki ya mkopo itajwe, na gharama za wakili ziwemo.

Hatua ya 5: Notisi ikiwa tayari ipo

Bima ya kawaida itakuwa ngumu kupatikana. Kama ni notisi ya upande mmoja, yaani iliyowekwa bila ridhaa ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anaweza kuipinga kwa fomu UN4. Kanisa lina siku 15 za kazi kujibu. Likinyamaza, notisi inafutwa. Likipinga na msipoelewana, shauri linakwenda kwenye baraza la kisheria la mali. Usiipeleke fomu hiyo bila kuwa na hoja, mfano kwamba ulinunua baada ya Oktoba 2013 kabla notisi haijawekwa.

Hatua ya 6: Barua ya madai ikifika

Chini ya sheria ya matengenezo haya ya 1932 (*Chancel Repairs Act*), kanisa hutoa notisi ya kutengeneza. Ukipita mwezi mmoja bila matengenezo, linaweza kukushtaki kudai gharama. Siku hiyohiyo barua inapofika, ijulishe kampuni ya bima. Usikiri wala usilipe kidogo "kuonyesha nia njema", maana hiyo hugeuka ushahidi. Dai uthibitisho wa ardhi na ripoti ya mhandisi inayotenga gharama za upande wa madhabahu. Mara nyingi gharama za paa na za jukwaa wanalosimamia mafundi huhesabiwa kwa kanisa zima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Baba alinunua 1996, nimerithi 2017. Nimepona?

Jibu: Hapana, ndugu. Urithi si ununuzi. Kanisa bado linaweza kusajili. Wamiliki waliopo nao hununua bima, kwa hiyo fanya upekuzi kimyakimya kisha uinunue. Ukiuza kwa bei halisi kabla ya notisi, mnunuzi wako ndiye anayetakiwa kuwa salama.

Swali: Nilibadilisha mkopo wa nyumba 2019. Hiyo si shughuli ya kulipiwa?

Jibu: Inailinda benki, wewe haikulindi. Umiliki wako haukubadilika.

Swali: Shemeji alishamwandikia kasisi barua pepe. Tufanyeje?

Jibu: Msifiche. Kuficha kunaua bima siku ya madai. Dada, mwambieni wakala wa bima ukweli wote pamoja na majibu ya kasisi, halafu aulize kampuni kadhaa. Baadhi zitakataa.

Swali: Mtaa una nyumba 40. Tunagawana?

Jibu: Inategemea chanzo. Kama wajibu ulitokana na zaka zilizounganishwa na ardhi, kila mmoja ana sehemu yake kwenye kumbukumbu za IR 104. Kama ni ardhi ya mgawo wa mashamba, kanisa linaweza kumdai mmoja deni lote, naye awatafute wenzake wamchangie.

Swali: Mimi niko baraza la parokia. Tunaweza kuamua tu kutowadai majirani?

Jibu: Msiamue kwa mdomo kikaoni. Ninyi ni wadhamini wa mali ya hisani, na mkiacha haki yenye thamani bila utaratibu mnaweza kuwajibishwa binafsi. Pateni ushauri wa wakili wa dayosisi, kisha ombeni ushauri rasmi wa Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, chini ya kifungu cha 110 cha sheria ya hisani ya 2011. Na mwenye ardhi anayetaka kuumaliza kabisa anaweza kuomba dayosisi imkadirie kiasi cha kulipa mara moja na kujikomboa, chini ya kifungu cha 52 cha sheria ya kanisa ya 1923.