Somo: Utando wa kufungashia wa wanga wa muhogo na katani

Habari za kazi wanajamvi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watengeneza sabuni na wauza karanga hawaishi kuniuliza habari za kifungashio kinachooza. Leo tupike utando wa wanga, yaani karatasi nyembamba ya kufungia kama nailoni. Lakini kabla hujabandika sufuria, amua unataka kufungia nini. Utando wa wanga hunywa maji, na Dar hewa yenyewe ina maji. Kwa samaki wa soko la Feri au juisi ya miwa, sahau. Unafaa vitu vikavu: sabuni ya kipande, majani ya chai, viungo. Mafuta hayaupiti kirahisi, ndiyo maana naupenda kwa karanga za kukaanga.

Vipimo: wanga gramu 5, maji mililita 100, glisirini (kimiminika kizito kinacholainisha utando) gramu 1.5, nyuzi za katani zilizosafishwa robo gramu. Glisirini ipo famasi; chukua iliyo tupu, si ile yenye marashi ya kupaka mwilini. Mizani ndogo ya kidijitali na kipimajoto ni lazima. Kijiko hakipimi gramu.

Hatua ya 1: Wanga. Menya muhogo, usage kwa blenda na maji mengi, kamua kwa kitambaa kama unavyokamua tui. Acha maji yale meupe yatulie saa kadhaa. Wanga utatuama na kushikana chini, ukiinamisha beseni hautoki. Mwaga maji ya juu, tia mengine, vuruga, subiri tena. Rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu kabisa. Hapa watu hufanya haraka, na ndipo panapoharibika. Muhogo, hasa mchungu, una sianidi, na inayoiondoa ni hii kuosha. Maji hayo usiwape kuku wala mbuzi. Kisha anika wanga ukauke.

Hatua ya 2: Katani. Kamba ya Kariakoo inatosha, ila tafuta isiyopakwa mafuta. Ikate vipande vya milimita moja au mbili, uichemshe saa moja hivi kwenye maji yenye kostiki soda, gramu 4 kwa mililita 100. Tafadhali, sufuria ya aluminiamu hapana! Kostiki huila na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Tumia ya chuma cha pua, vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na tia kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Suuza hadi karatasi ya pH (ya kupimia ukali wa maji) isome 7, yaani kostiki imeisha, kisha zungusha nyuzi kwenye blenda mpaka zichambuke.

Kwa nini usumbufu wote huu? Wanga na selulosi (nyuzinyuzi zinazounda katani) zote ni minyororo ya glukosi, yaani sukari, zinashikana zenyewe. Kinachozitenganisha ni lignini, gundi ya asili inayoufanya mmea uwe mgumu, na kostiki ndiyo inayoipunguza. Makumbi ya nazi tunayo ya kumwaga, lakini yana lignini nyingi mno, mimi siyahangaikii.

Hatua ya 3: Kupika. Changanya vyote kwenye maji yakiwa baridi. Moto mdogo, koroga bila kupumzika. Ukikaribia nyuzijoto 70, uji utakuwa mzito ghafla na weupe wake utapotea. Usishawishike kuepua, fika 85, kaa hapo dakika 10. Usiuache utokote, kila povu litakuwa tundu. Epua, gonga sufuria taratibu mapovu yapande.

Hatua ya 4: Kumimina. Trei ya plastiki yenye kitako bapa, sentimita 20 kwa 20. Kwenye kioo utando huganda ukakataa kutoka. Sawazisha meza kwa pima maji ya fundi, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene na mwingine utapasuka. Kausha kivulini penye upepo, siku moja hadi mbili. Bandua kuanzia kona. Unene utakuwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Mbagala: Shikamoo mwalimu. Wangu ulitoka vizuri, mvua iliponyesha ukanata kama umelambwa.

Marahaba mwanangu. Glisirini huvuta unyevu. Shuka hadi gramu 1.1 kwa wanga uleule, na hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Usishuke sana, utakatika ukiukunja.

Fundi Sabuni: Mwalimu, nikipaka nta ya nyuki je?

Inasaidia. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Ipake nyembamba, upande mmoja, kwa brashi. Inazuia matone, haiufanyi kuwa nailoni.

Mjasiriamali Tegeta: Naweza kuandika kwenye lebo "rafiki wa mazingira, unaoza"?

Jaribu kwanza, kaka. Weka kipande ndani ya wavu, kizike kwenye ndoo ya udongo wenye unyevu, pembeni yake zika kipande cha nailoni, fukua kila wiki uangalie. Kuna plastiki zinazodaiwa kuoza kumbe zinavunjika tu vipande vidogo, usije ukawa kundi hilo. Na kama ni kwa chakula cha kuuza, nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kuchapisha lebo. Utando uliopikwa jikoni kwako haujapimwa na mtu.

Mama Karanga: Ile mashine yangu ya kuziba pakiti kwa moto itaukubali?

Usiitegemee, dada, wanga hauyeyuki kama nailoni. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji kidogo, kunja mara moja, bana kwa vibanio vya nguo hadi ukauke. Karanga zipoe kabisa kwanza, mvuke wake utaulainisha utando kwa ndani.