Kufuata njia ya damu kwa moyo wa mbuzi na mrija wa soda

Mpwa wangu wa darasa la saba alikuwa amekariri mzunguko wa damu kama shairi. Nikamwuliza: damu inavukaje kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto? "Inapenya ukutani, mjomba." Sikumcheka. Galen, tabibu Mgiriki wa kale, naye aliamini hivyo, na hadi karne ya 13 ndipo Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, akaandika kwamba ukuta ule hauna tundu. Damu lazima izungukie mapafuni. Kesho yake tukaenda buchani.

Hatua ya 1: Kununua
Agiza tangu jana yake, moyo ukiwa umeshikana na mapupu. Usiposema, muuza nyama ataikata mishipa yote ili moyo upendeze, ubaki na pande la nyama lisilo na mlango. Chukua wa mbuzi. Wa ng'ombe mara nyingi mkaguzi ameshauchanja kutafuta tegu.

Hatua ya 2: Kuosha
Maji baridi. Minya mabonge ya damu yatoke.

Hatua ya 3: Kujua kulia na kushoto
Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima mara ya kwanza. Niliuweka moyo mezani, nikauita mkono wangu wa kulia "kulia", nikachora vishale vyote kinyume. Kulia ni kwa mwenye moyo, si kwako! Ukiuangalia kwa mbele, kulia kwake kuko kushoto kwako.

Na mbele ni wapi? Usikisie kwa macho, bonyeza. Upande mmoja utabonyea kama kifuko, mwingine utakuwa mgumu kama ngumi, hadi kwenye ncha ya chini. Mgumu ni ventriko ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo: inasukuma damu mpaka kwenye kidole cha mguu, kwa hiyo ukuta wake ni karibu mara tatu ya ule wa kulia, unaosukuma hadi mapafuni tu. Sasa ugeuze moyo mpaka ugumu uwe mkono wako wa kulia, ncha ikitazama chini. Mshipa unaopanda kutoka upande laini na kukatiza mbele ya aota (mshipa mkubwa unaotoka ventriko ya kushoto) ndio ateri ya mapafu. Kama huuoni, umeulaza kifudifudi.

Rangi za kitabuni nazo zisikuchanganye. Ateri si "damu safi". Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi moyoni, basi. Hii ya mapafu hubeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha, na vena za mapafu hurudisha iliyojaa.

Hatua ya 4: Mrija
Ingiza mrija kwenye vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu ya mwilini: unashuka auriko ya kulia (chumba cha juu), kisha ventriko. Chana ventriko hiyo kwa mbele, uelekeze mrija juu kwenye ateri. Unaingia kwenye mapupu. Mpwa wangu aliusukuma mara tatu, akanyamaza. Kurudi, tafuta mishipa ya nyuma inayotoka mapupuni na kuingia auriko ya kushoto.

Hatua ya 5: Vali
Ikate aota vidole viwili juu ya moyo, mimina maji. Yanasimama kama kikombeni, yamezuiwa na vali, mlango usioruhusu damu irudi nyuma. Yakipungua polepole usidhani vali imeharibika. Juu yake kidogo kuna vitundu viwili vya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, na maji hupotelea humo.

Halafu fungua ventriko ya kushoto kwa mkasi butu. Watu wanapenda wembe, mimi siutaki: unakata zile nyuzi nyeupe kabla hujaziona. Zinaishika vali nyingine, ile iliyo kati ya auriko na ventriko, kama kamba zinavyoshika tanga, lisipinduke upepo ukivuma.

Mtu mzima ana kama lita 5 za damu, na akiwa ametulia moyo husukuma kiasi hicho kwa dakika moja. Mwache mtoto ashike saa, afuate njia yote kwa kidole.

Moyo uliokaa mezani saa tatu usiupike. Paka anausubiri.