Jinsi ya kukokotoa vifo vya magonjwa ya kuambukiza katika wilaya ya London, 1901–1914

Tangu 1900 London ilikuwa na wilaya 28, Bermondsey, Poplar na Shoreditch zikiwemo, na mganga wa afya wa kila wilaya alichapisha ripoti ya mwaka. Usinakili tarakimu zake kabla hujajua zinamhesabu nani.

Wagonjwa wengi wa homa nyekundu, dondakoo na ndui walilazwa katika hospitali za Metropolitan Asylums Board, bodi ya umma iliyoendesha hospitali za magonjwa ya kuambukiza London, mara nyingi nje ya wilaya zao. Kwa hiyo chukua vifo vyote vilivyotokea wilayani, toa vya wageni, kisha ongeza wakazi waliofia kwingine. Ukiruka hatua hii, wilaya yenye hospitali kubwa itabebeshwa maiti zisizo zake. Angalia pia urefu wa mwaka: baadhi ya ripoti za kabla ya 1911 zina wiki 53.

Sensa zilifanyika 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911. Makadirio ya idadi ya watu kati ya sensa hizo yalifuata kasi ya ukuaji ya zamani, ilhali wilaya kama Shoreditch na Finsbury zilikuwa zikipungukiwa na watu. Kadiria upya kwa sensa zote mbili. Tuseme watu walikuwa 80,000, wakawa 90,000. Katikati ya 1906 ni miaka 5.25 baada ya sensa: 80,000 + (10,000 × 0.525) = 85,250. Vifo 34 vya surua ÷ 85,250 × 1,000 = 0.40 kwa kila watu 1,000.

Kuhara hakufai kupimwa hivyo, kwa sababu kuliua hasa watoto wachanga. Gawanya vifo vya walio chini ya mwaka mmoja kwa waliozaliwa hai mwaka huo, kisha zidisha kwa 1,000. Kiangazi cha 1911 kilikuwa kikavu chenye joto kali na kiliua watoto wengi mno. Usianzishe wala kumalizia mwelekeo wako hapo.

Asilimia ya wagonjwa waliokufa inawezekana tu pale madaktari walipolazimika kuripoti wagonjwa. Surua na kifaduro kwa kawaida havikuripotiwa, hivyo tumia vifo peke yake. Kifua kikuu cha mapafu kilianza kuripotiwa kwa wagonjwa wote 1912. Ongezeko la wagonjwa walioripotiwa mwaka huo limeletwa na sheria. Nimonia ya watoto wa chini ya miaka 5 ikipanda pamoja na surua, iweke safu yake: baadhi ya vifo hivyo ni vya surua, lakini jedwali halikuonyeshi ni vifo vipi.