Vibonge vya nyama vya Kiswidi na mchuzi wa krimu, vinapikika hapa hapa Tanga

Kila nikisema napika vibonge vya nyama vya Kiswidi mtu ananijibu aah, si kababu tu hizo. Jamani si kababu. Kababu yetu inataka tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, giligilani, ndimu, unazamisha kwenye mafuta mengi, unakula na chachandu yako safi umemaliza. Hii ya Waswidi ni ya upole, viungo vichache, nyama laini mpaka unaikata kwa ubavu wa uma, na utamu wake mkubwa uko kwenye mchuzi unaotengenezwa kwenye kikaango kile kile ulichokaangia. Ukiyashika mawili, yaani mkate uliolowekwa maziwa na ule ukoko wa chini ya kikaango, umeshajua kupika hiki chakula, mengine yote ni kufuatisha tu.

Mimi nilifundishwa na dada mmoja wa Kiswidi aliyepanga nyumba ya jirani yetu Raskazone miaka ya nyuma, alikuwa anapika Jumapili jikoni kwa mama. Wenyewe wanaita köttbullar, ile k ya mwanzo wanaitamka kama sh, kött ni nyama na bullar ni hivyo viduara. Kwao ni chakula cha nyumbani cha kila siku, na Krismasi lazima viwepo mezani, vya siku hiyo vinakuwa vidogo na mara nyingi havina mchuzi. Halafu kuna hii habari ninayoipenda: mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi ya Uswidi kule Twitter iliandika kwamba asili ya chakula hiki ni mapishi ambayo mfalme wao Karl XII alikuja nayo kutoka Uturuki mwanzoni mwa miaka ya 1700. Huyo mfalme kweli alipigwa na Warusi vita ya Poltava mwaka 1709 akakimbilia kwa Waturuki akakaa huko miaka mitano hivi. Kuhusu mapishi wapo wanaobisha mpaka leo, lakini mimi nikiangalia kababu ya pwani na hiki kibonge naona kabisa ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Haya tuje kwenye nyama. Waswidi wengi wanachanganya ng'ombe na nguruwe, nguruwe anawaletea mafuta na ulaini. Kwetu nyumbani hailiwi, kwa hiyo mafuta inabidi uyatafute kwa ng'ombe mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu maana tumezoea kumwambia mwenye bucha atutolee steki tupu isiyo na mafuta tukijua ndo nyama nzuri. Kwa kazi hii siyo. Mimi soko la Mgandini namwambia mwenye bucha, "Kaka, nipe nusu kilo ya kusaga, uniwekee na mafuta kidogo, kama robo yake hivi isizidi, halafu nisagie mara mbili." Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada una uhakika? Watu wananigombeza nikiweka mafuta." Nikamwambia weka. Mara mbili ni muhimu kwa sababu ukisaga mara moja unabaki na chembe kubwa na nyuzi, kibonge kinakuwa kigumu kama gololi. Ukitaka unaweza kuchanganya na kondoo kidogo ila usizidishe, harufu yake ina nguvu inafunika kila kitu.

Wakati nyama inangoja kwenye friji, shughulikia mkate. Chukua slesi mbili za mkate mweupe wa jana au nusu boflo, toa ile ngozi ngumu, vunjavunja kwenye bakuli, mwagia maziwa kama nusu kikombe kidogo, mililita 100 hivi, uache dakika kumi. Usiwe na haraka hapa. Unatakiwa ukiuponda kwa uma upate uji mzito usio na madonge, kama uji wa mtoto anayeanza kula. Kazi yake ni hii: nyama ikipata moto inajikaza na kukamua maji yake nje, sasa huo uji wa mkate unakaa katikati ya chembe za nyama unazizuia zisishikane sana na unabakiza majimaji ndani. Kuna watu wanaweka chenga za mkate kavu moja kwa moja kwenye nyama, zinakwenda kunyonya maji ya nyama yenyewe, unakula kitu kikavu halafu unasema Waswidi hawajui kupika.

Kitunguu maji kimoja cha wastani, katakata ndogo sana au kwangua, ukaange kwenye siagi moto mdogo mpaka kilainike na kiwe na utamu ila kisiwe cha kahawia, kisha kiache kipoe kabisa. Ukikitia cha moto kinaanza kuyeyusha mafuta ya nyama kabla ya wakati.

Kiungo. Hapa ndo penye Uswidi yenyewe. Wanatumia punje moja kavu ya kahawia, imefanana na pilipili manga ila kubwa kidogo, harufu yake kama umechanganya karafuu, mdalasini na kungumanga. Wanaiita kryddpeppar, kwa Kiingereza allspice. Asili yake ni visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, na kwenye supamaketi kubwa utaikuta mara nyingine. Ukiikosa wala usihangaike, sisi watu wa Tanga viungo vinatushukia kutoka Amani na Muheza. Twanga kwenye kinu karafuu mbili tu, kipande cha mdalasini kama ukucha wa kidole kidogo, kwangulia kungumanga kidogo, tia na punje sita za pilipili manga. Ukishatwanga utapata kama nusu kijiko cha chai, inatosha nusu kilo. Karafuu naomba sana isizidi mbili, mara moja nilitia tano nyumba nzima ikanukia pilau na kibonge kikawa kinatia ganzi ulimi. Na kitunguu saumu hapana, tangawizi hapana. Mama mpaka leo akipita jikoni ananiuliza, "Mwanangu, saumu umesahau?" namjibu, "Hapana mama, hii haiwekwi," anatikisa kichwa anaondoka, lakini sahani yake huwa inarudi tupu.

Sasa changanya. Nyama ya baridi kwenye bakuli, chumvi kijiko kimoja cha chai, kanda kwanza na chumvi peke yake kama dakika moja mpaka uone nyama imeanza kunata, hiyo ndo inayoshikilia kibonge kisipasuke. Ndipo utie uji wa mkate, yai moja, kitunguu, viungo, uchanganye kwa mkono kwa upole, vikishachanganyika acha hapo hapo, ukiendelea kukanda unarudisha ugumu ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Itakuwa laini kuliko kababu, utaogopa utatamani kuongeza mkate, usiongeze. Funika weka kwenye friji nusu saa. Kwa joto letu hili la Tanga hilo si la kuruka, mchanganyiko ukikaa nje mafuta yanalainika, vibonge vinalala kama chapati.

Kabla hujafinyanga vyote, chukua kipande kidogo bapa ukikaange, uonje. Nyama mbichi huionji kwa hiyo hii ndo nafasi yako pekee ya kujua chumvi. Kisha lowesha mikono maji ya baridi, finyanga vya ukubwa wa ndimu ndogo, nusu kilo inatoa kama thelathini. Vilingane, vikipishana ukubwa vingine vinaungua vingine vibichi katikati.

Kukaanga: siagi ya maziwa ya kweli, siyo ile ya kupaka mkate ya mafuta ya mimea. Siagi peke yake kwenye moto mkali inaungua kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo, kwa hiyo tia kijiko cha siagi na kijiko cha mafuta ya alizeti pamoja. Samli nayo inafaa na haiungui haraka ila utakosa ile harufu kama ya karanga inayotoka siagi ikianza kuwa ya kahawia, mimi hiyo harufu siikosi kwa lolote. Moto wa kati. Kama unatumia jiko la mkaa toa makaa mawili matatu pembeni, na kikaango kipate moto kwanza. Weka vibonge kwa nafasi, kumi mpaka kumi na tano kwa mara moja, usivirundike, vikibanana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Mwanzoni usiviguse kabisa. Subiri dakika mbili, sikiliza, mlio unakuwa wa juu na mkavu, kisha shika mpini ukizungushe kikaango taratibu, vitajiviringisha vyenyewe. Kile ambacho hakijaachia usikichokonoe, bado hakijaiva chini, kitaachia chenyewe. Dakika nane mpaka kumi vinakuwa kahawia pande zote, pasua kimoja katikati, kisiwe na wekundu hata kidogo maana nyama ya kusaga hailiwi nusu mbichi. Toa weka kwenye sahani, kaanga awamu ya pili.

Sasa angalia kikaango chako. Chini kuna vipande vimeganda, vya kahawia, vinang'aa na siagi. Mtu mwingine anakimbilia kukiosha! Huo ni ukoko wa nyama, ndo mchuzi wenyewe. Kama umekuwa mweusi kweli hapo umeungua, mwaga, utatia uchungu. Kama ni kahawia bakiza mafuta vijiko viwili, ongeza kijiko cha siagi, tia unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, koroga moto mdogo dakika mbili mpaka uwe na rangi ya biskuti na ile harufu ya unga mbichi ipotee. Mwaga supu ya mifupa ya moto, mililita 400, kidogo kidogo, huku unakwaruza chini kwa mwiko wa mbao. Utauona ukoko unaachia na mchuzi unabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka maziwa kwenda kahawia. Supu ukiwa huna, kidonge cha supu kwenye maji ya moto kinafanya kazi ila punguza chumvi. Uchemke polepole dakika tano, ndipo utie krimu ya kupikia mililita 150 na kijiko kimoja cha chai cha soya sosi. Usishangae soya sosi, Waswidi wenyewe wanaiweka, inatia rangi na kukoleza ladha. Malizia na pilipili nyeupe kidogo.

Krimu ni ghali najua. Tanga kwa maziwa lakini hatuna shida. Chemsha lita moja ya maziwa fresh, yapoe, yalaze kwenye friji bila kuyatikisa, asubuhi kusanya ule utando mzito wa juu, upige na maziwa yale yale mpaka upate kikombe kimoja kisichojaa. Unaleta ladha nzuri mno. Ila mchuzi usitokote kwa nguvu ukishautia, na ndimu usiikaribishe, utakatika. Mtindi nao vile vile unakatika. Tui la nazi nimejaribu, nikapata mchuzi mtamu sana wa kulia wali, lakini ulikuwa mchuzi wa pwani, Uswidi imeshapotea.

Rudisha vibonge ndani ya mchuzi dakika tatu vipate moto, basi.

Vinaliwa na viazi mviringo, vya kuchemsha au vya kuponda na siagi na maziwa, vya Lushoto ndo navipenda mimi. Na pembeni lazima kuwe na kitu kichachu na kitamu, wenzetu wanaweka matunda madogo mekundu ya porini kwao yanaitwa lingon, wanayasonga na sukari. Hapa rozela, yaani choya, inashika nafasi yake vizuri mno kuliko jamu ya stroberi ambayo ni sukari tupu. Chukua choya kavu kikombe kimoja, loweka, chemsha na maji kikombe kimoja na sukari nusu kikombe mpaka ilainike na mchuzi wake ushike, ikipoa iko tayari.

Na matango, wenyewe wanakata membamba mpaka unaona kisu upande wa pili, wanatia chumvi, wanakandamiza na kitu kizito nusu saa, wanamwaga maji yake, halafu wanaloweka kwenye siki, sukari na maji kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Usiichukue hesabu hiyo kama ilivyo kwa sababu siki yao ya kupikia ni kali ya asilimia 12 na yetu nyingi ni kama 5. Mimi natia siki vijiko sita, sukari vitano, maji vinne, kwa tango moja kubwa.

Vikibaki, na usihesabu sana kwamba vitabaki, weka vibonge mbali na mchuzi kwenye friji. Kesho yake wao wanavikata nusu wanavipanga juu ya mkate na saladi ya bitiruti iliyochanganywa na mayonezi, wanakula vya baridi hivyo hivyo. Mimi napasua boflo, napaka siagi, naweka vibonge vinne, bitiruti juu na yale matango, nafunga kwenye karatasi mwanangu anakwenda nayo shule.