Jinsi ya Kuutazama Mfano wa Mapigano ya Waterloo Jijini London

Anayetaka kuuona mfano mkubwa wa vinyago unaoonyesha mapigano ya Waterloo, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa, ulioundwa na afisa wa jeshi la Uingereza William Siborne na kuonyeshwa hadharani mwaka 1838, aende Makumbusho ya Taifa ya Jeshi yaliyopo Chelsea, ambako kiingilio ni bure.

Ukifika, usianze na askari mmoja mmoja. Zisome kwanza kingo za mabonde na miinuko, kwa kuwa ardhi ndiyo iliyowakinga askari wa Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, na Siborne aliishi miezi kadhaa kwenye uwanja huo akiipima. Kazi ya namna hiyo inastahili subira ya mtazamaji. Kisha inama hadi macho yako yalingane na uwanja. Vinyago vya bati na madini ya risasi, vinavyozidi 70,000, vina kimo cha takriban sentimita moja, na kila kimoja kinawakilisha watu wawili.

Wakati unaoonyeshwa ni saa moja jioni, tarehe 18 Juni 1815, Walinzi wa Napoleon, kikosi chake teule, wanaposhambulia. Watafute pia Waprusi, washirika wa Wellington kutoka Ujerumani ya leo, upande wa mashariki, kwani nafasi waliyopewa ilizua ubishi mkali na upande wa Wellington. Ukipiga picha, zima mwanga wa kamera, maana kioo kinachoufunika mfano huurudisha wote.